Kikundi Kikibadilisha Injini ya Gari: Je, Tangi la Maji Lafaa Kulipiwa?



Mwenyekiti wa kikundi kimoja cha huku Likoni alifika ofisini na swali ambalo hatujalizoea. Sisi twaulizwa juu ya kuku, juu ya vitabu vya hesabu, na jinsi ya kuandikisha kikundi. Yeye aliuliza hivi: "Matatu yetu tumeibadilisha injini, tumeweka yenye nguvu zaidi. Sasa kila tukipanga foleni pale feri, maji yachemka. Fundi asema tutengeneze tangi maalum. Je, tulipe au tusilipe?"

Swali hili ni la fedha za watu wengi. Gari la kikundi limenunuliwa kwa michango ya wiki kwa wiki, na pengine kwa mkopo ambao bado walipwa. Injini ikiungua, deni halikomi, lakini mapato yakoma siku hiyo hiyo. Basi nimekaa na mafundi wa jua kali wa Changamwe na Kisauni, nikauliza, nikaandika, nikarudi kuuliza tena. Haya ndiyo niliyoyapata. Si lazima mwanakikundi ajue kuchomea vyuma, lakini yafaa ajue kinacholipiwa.

Injini kubwa, joto kubwa

Katika mafuta yote yanayochomwa na injini, kwa kadiri ni thuluthi moja tu inayogeuka kuwa nguvu ya kusukuma gari. Thuluthi nyingine hutoka na moshi kwenye egzosi. Iliyobaki huchukuliwa na maji na kupelekwa kwenye rejeta, ambako upepo huiondoa. Kwa hiyo ukiongeza nguvu, umeongeza joto pia. Havitengani.

Tuchukue mfano ambao wengi mwaufahamu. Hiace nyingi za zamani zilikuja na injini ya dizeli ya 2L, yenye sisi 2,446 na bila turbo. Mtu akiitoa na kuweka 1KZ ya turbo iliyotumika Japani, yenye sisi 2,982, nguvu zapanda karibu mara moja na nusu, na joto la kuondolewa lapanda vivyo hivyo. Lakini rejeta ni ile ile. Tena hiyo 1KZ yajulikana kwa jambo moja: ikichemka sana, silinda hedi yake hupasuka. Na hedi si kitu cha kununuliwa kwa mchango wa wiki moja.

Tangi halipozi injini

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, nami nataka tuelewane kabla hatujaenda mbele. Wengi wamewahi kuona injini ya kinu cha posho ikiwa na pipa la maji kando yake. Maji ya moto hupanda juu ya pipa, ya baridi hushuka na kurudi kwenye injini, na mvuke huenda zake angani. Pipa lile kweli lapoza, kwa sababu lina maji mengi na liko wazi. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huondoka na joto zaidi ya mara saba ya lile lililotumika kuipasha kutoka hali ya kawaida hadi kuchemka. Ndiyo maana mwenye kinu kila mara aongeza maji.

Gari haliwezi kubeba pipa. Maji yake yamefungiwa na yazunguka, kazi ya kupoza ni ya rejeta na feni. Tangi dogo la lita mbili halipozi chochote. Fundi akikuambia "tuweke tangi kubwa injini ipoe", muulize tena, polepole, kwa heshima.

Kabla ya kulipia tangi, angalieni gari lachemka wakati gani. Likichemka likiwa limesimama kwenye foleni na likipoa mkianza kwenda, shaka ya kwanza ni feni: labda haizunguki kwa nguvu, au baada ya kubadilisha injini imekaa mbali na rejeta na lile boksi la kuielekezea upepo limetupwa. Likichemka likipanda mlima na abiria wamejaa, kwa mfano kutoka Miritini kwenda Mazeras, basi rejeta ni ndogo au imeziba. Likitoa mapovu mfululizo kifuniko kikiwa wazi na injini ingali baridi, hiyo ni gasketi ya hedi, na hakuna tangi duniani litakaloiponya. Kuna na jambo la nne, nalo ndilo tangi hulitibu: hewa iliyonaswa ndani ya maji.

Hewa iliyonaswa

Maji yakipata moto huvimba. Kutoka joto letu la kawaida hadi digrii 95 huongezeka kama sehemu 3 na nusu katika 100. Gari lenye maji lita 12 litahitaji nafasi ya zaidi ya vikombe viwili vya chai kwa ajili ya hayo maziada. Yasipopata nafasi, hutoka nje. Gari likipoa maji hunywea, na pale palipopungua hewa huingia. Kesho yake hewa hiyo hutafuta mahali pa juu kabisa ikakaa hapo.

Sasa, gari likitengenezwa kiwandani, wahandisi wamekwisha kuhakikisha kwamba mahali pa juu kabisa ni pale penye kifuniko au tangi. Mkibadilisha injini mpangilio ule wavurugika. Injini mpya pengine ni ndefu kwenda juu kuliko ya kwanza, na kichwa chake sasa kimepita rejeta. Kwenye Hiace injini iko chini ya viti vya mbele na rejeta iko mbele yake, hivyo kosa la sentimita chache latosha. Hewa yajikusanya ndani ya hedi, mahali penye moto kuliko pote, na hewa haiwezi kubeba joto kama maji. Chuma cha hapo chapata moto peke yake, chapinda, na gasketi yaungua. Na geji je? Geji yaweza kuonyesha kwamba mambo ni mazuri! Kile kifaa chake cha kupima chataka kizamishwe ndani ya maji. Kikikaa kwenye hewa, husoma uongo. Dereva alaumiwa bure.

Fikirieni pia ule mteremko wa feri ya Likoni. Gari lashuka pua ikiwa chini, lasimama, halafu upande wa pili lapanda pua ikiwa juu na mzigo kamili. Maji ndani ya tangi yahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Tangi lililotengenezwa bila kufikiria mteremko litavuta hewa hapo hapo, ingawa kwenye sakafu ya gereji lilionekana sawa kabisa.

Tangi lenyewe

Mafundi wengine huliita heda tangi, wengine resava, ingawa resava hasa ni ile chupa ya plastiki isiyo na shinikizo. Tunalozungumzia hapa ni tangi lililofungwa, lenye kifuniko cha shinikizo juu yake, nalo hukaa juu kuliko injini na rejeta pia.

Ukubwa: kwa gari la maji lita 12, tangi la lita mbili na robo au mbili na nusu latosha. Hujazwa nusu likiwa baridi. Nusu ya juu ni ya hewa na ya maji yatakayovimba. Mara ya kwanza litakapopata moto, kifuniko kitatoa pumzi kidogo. Msishtuke.

Umbo: hapa nina ushauri wangu, na nitaung'ang'ania. Chagueni la mviringo. Paipu ya alumini yenye upana wa sentimita 10 ikikatwa urefu wa sentimita 30 yatoa lita 2 na robo hivi. Wengi hupenda boksi la pembe nne kwa sababu lapendeza na lakaa vizuri ukutani. Lakini hebu tupige hesabu. Ukuta wa boksi wa sentimita 10 kwa 25 una sentimita 250 za mraba. Kifuniko cha 0.9 huweka karibu kilo 0.9 juu ya kila sentimita ya mraba. Hiyo ni kilo 225 zikisukuma ukuta mmoja, sawa na magunia mawili na nusu ya mahindi ya kilo 90. Bati jembamba litavimba kama chapati, na siku moja mshono utaachia. Paipu ya mviringo hubeba shinikizo hilo bila taabu, ni vile vifuniko vya ncha mbili tu vinavyotaka unene. Mkilazimika kutumia boksi, bati liwe la milimita 3, na kuwe na vibao vya ndani vilivyochomewa ukuta kwa ukuta.

Vibao hivyo ni muhimu hata kwenye paipu. Huwa na matundu, navyo huyazuia maji yasirukeruke gari likipita kwenye mashimo ya barabara zetu. Pia huyatuliza maji ili mapovu yapate nafasi ya kupanda. Tangi lisilo na vibao ndani ni kopo tu.

Chuma gani? Alumini ni nyepesi na haishiki kutu kwa urahisi, ila yataka fundi mwenye mashine ya gesi ya agoni na mkono uliozoea. Wapo, lakini si kila kibanda. Chuma kisichoshika kutu, kile cha masufuria mazuri, chafaa vilevile. Bati la kawaida la chuma ni rahisi na kila mtu aweza kulichomea, lakini pwani hii ya chumvi litaoza kutoka ndani, na ile kutu itakwenda kuziba rejeta. Bei rahisi ya namna hiyo hulipwa mara mbili. Kuna na mafundi wanaokata shingo ya kifuniko kutoka rejeta kuukuu ya shaba. Si vibaya, lakini shaba haichomewi na alumini. Kwa tangi la alumini nunueni shingo ya alumini.

Mipira yake

Chini ya tangi kuwe na tundu la milimita 19 au 20. Kutoka hapo mpira mnene hushuka moja kwa moja hadi kwenye paipu ya chini ya rejeta, karibu na mahali ambapo pampu ya maji hunyonya. Kazi yake ni kuhakikisha pampu haikosi maji hata siku moja. Tundu hilo litobolewe sehemu ya chini kabisa ya tangi, tena katikati, ili gari likiinama mbele au nyuma lisibaki wazi.

Juu ya tangi kuwe na matundu mawili madogo ya milimita 6 hadi 8. Mpira mmoja hutoka juu kabisa ya hedi ya injini, mwingine hutoka juu ya rejeta. Hii ndiyo njia ya hewa. Iwe yapanda tu kutoka mwanzo hadi mwisho, isining'inie kama kamba ya kuanikia nguo, maana pale iliponing'inia maji hukaa na hewa haipiti. Na isiwe minene. Ikiwa minene, maji ya moto yatapita humo kwenda kwenye tangi na kurudi injini bila kuonana na rejeta.

Rejeta yenyewe iwekewe kifuniko kisicho na vali. Kifuniko cha shinikizo kiwe kimoja tu, kile cha kwenye tangi.

Tangi lifungwe kwenye bodi, mbali na turbo na egzosi, likilazwa juu ya vipande vya mpira wa tairi kuukuu ili mtikisiko usipasue mishono. Lisifungwe upande mmoja kwenye injini na upande mwingine kwenye bodi. Injini hucheza, bodi haichezi, na tangi litakalokuwa katikati litakatika.

Kifuniko na majaribio

Maji yaliyo wazi hapa Mombasa, usawa wa bahari, huchemka kwa digrii 100. Chini ya kifuniko cha 0.9 hayachemki mpaka karibu digrii 119. Magari yanayopanda hadi Nairobi yafaidika zaidi, maana kule maji ya wazi huchemka kwa digrii kama 95. Nambari imeandikwa juu ya kifuniko: 0.9 au 1.1, au kwa vipimo vingine 88 au 108, ama 13 au 16. Wekeni ile ya injini yenu. Kuweka kubwa zaidi eti ili gari lisichemke ni kuhamishia taabu kwenye mipira na kwenye hita.

Kabla tangi halijafungwa kwenye gari, mwekahazina na mwenyekiti waende kushuhudia likijaribiwa. Lijazwe maji pomoni, matundu yazibwe, kisha lisukumwe kwa pampu ya mkono hadi mara moja na nusu ya kifuniko, yaani 1.35 kwa kile cha 0.9. Lisubiriwe robo saa. Tone moja likionekana, lirudi kuchomewa. Fundi asijaribu kwa upepo mtupu wa kompresa. Maji hayabanwi, tangi likipasuka hutema tu. Upepo uliobanwa hulipuka na kurusha vipande, na watoto huwa hawakosekani gerejini.

Maji ya kutia

Wa bara ya Mombasa twajua visima vyetu. Vingi vya Likoni na Kisauni vina magadi na chumvi. Kama chai yakataa kuiva ladha kwa maji yale, ndani ya injini yafanya nini? Hula alumini, huacha ukoko kwenye rejeta, na huleta kutu kwenye pampu. Vikundi vyenye tangi la maji ya mvua la mabati vina bahati: baada ya mvua ya kwanza kuosha paa, kingeni lita 20 za maji safi, chujeni kwa kitambaa, fungeni kwa ajili ya gari. Kama hamna, nunueni maji ya betri yasiyo na asidi.

Ongezeni kulanti, ile dawa ya rangi ya kijani au nyekundu. Sisi hatuna barafu, lakini dawa hiyo huzuia kutu na huchelewesha kuchemka. Kwa joto letu, sehemu 3 za dawa kwa 7 za maji zafaa, mradi maelezo ya kwenye chupa hayakatazi. Iliyouzwa ikiwa imekwisha kuchanganywa isiongezwe maji. Na tafadhali: dawa hiyo ni tamu na ni sumu. Isiwekwe kwenye chupa ya soda, isimwagwe penye kuku na mbuzi, na isiachwe karibu na watoto.

Siku ya kujaza, gari lisimame pua ikiwa juu kidogo. Jazeni polepole kupitia tangi, injini iwashwe kifuniko kikiwa wazi, hita ya ndani ikiwa imefunguliwa, na mbonyeze ile mipira mikubwa kwa mkono mpaka mapovu yaishe. Mafundi wengi wa huku hupenda kutoa thamostati wakisema pwani ni joto. Msikubali. Kuna injini ambazo thamostati ikitolewa njia ya mkato hubaki wazi, na maji huzunguka humo humo bila kwenda rejeta. Hapo mmeongeza taabu.

Kuungua

Kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa moto. Nasema hivi kwa makondakta hasa, maana ndio hutumwa. Maji ya digrii 110 yaliyotulia chini ya shinikizo hugeuka mvuke mara tu kifuniko kinapolegea, na uso wa mtu uko juu yake. Ngojeni nusu saa, shikeni mpira wa juu, na ukiwa umelegea na wabonyea, ndipo mfungue kwa kitambaa kinene, hatua ya kwanza kisha mngoje.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20 mfululizo. Si dawa ya meno, si unga, si mafuta, wala si barafu. Nguo iliyogandamana na ngozi isibanduliwe. Uso, macho au sehemu kubwa ya mwili, hospitali moja kwa moja.

Makubaliano na fundi

Msilipe yote mbele. Lipeni vifaa kwanza, tena mwende mkanunue pamoja naye, sehemu ya ufundi baada ya jaribio la robo saa, na iliyobaki baada ya gari kuvuka feri kwenda na kurudi siku tatu likiwa na abiria. Andikeni kwenye daftari la kikundi, fundi atie sahihi. Fundi mzuri hakasirishwi na karatasi.

Pia, namba ya injini imeandikwa katika logibuku. Injini ikibadilika, ni lazima Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, yaani NTSA, iarifiwe ili kumbukumbu zibadilishwe, na kampuni ya bima ijulishwe. Ombeni risiti na hati za injini siku ile ile mnaponunua. Gari likipata ajali likiwa na injini isiyoandikwa, bima yaweza kukataa kulipa, na hapo kikundi kizima kitaingia mfukoni.

Dereva apewe daftari dogo. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, aangalie maji kwenye tangi na aandike tarehe na kiasi alichoongeza. Wiki ya kwanza hewa iliyobaki hutoka, basi kuongeza kidogo ni kawaida. Baada ya hapo, gari likitaka hata nusu lita kwa wiki, lipelekwe kwa fundi kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo siku yenye abiria wengi.